Za Mwizi ni Arubaini: Je, Filamu za Uhalifu Humfunza Mhalifu Kukwepa Sheria? Mtazamo Kutoka Voi na Taita Taveta

Ikisiri

Ni dai la kawaida kwamba filamu na vipindi vya runinga kuhusu uhalifu vimekuwa darasa la wahalifu: humo hujifunza kufuta alama za vidole, kuficha nyuso na kupoteza ushahidi. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kuuchunguza muundo wa hadithi ya upelelezi, kwa kurejelea utafiti uliofanywa kwingineko, na kwa kuangalia historia ya Taita Taveta, eneo ambalo ustadi wa kuficha nyayo ulikuwako kabla ya runinga. Yanahitimisha kwamba filamu humfunza mhalifu machache sana kuhusu kujificha. Mwenye kujifunza zaidi ni raia wa kawaida, na baadhi ya anayojifunza, hasa imani kwamba pasipo maabara hapana kesi, humdhuru yeye wala si mwizi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Voi umejengeka penye njiapanda. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa hupita hapo, na nyingine huchepuka kuelekea Mwatate, Bura, Maktau hadi Taveta kwenye mpaka wa Tanzania. Mahali pa aina hii hupitiwa na kila kitu: mizigo, wageni, habari na hadithi. Hadithi za uhalifu zilifika kwanza katika vitabu na magazeti ya picha, zikaja katika kanda za video, kisha katika santuri, na sasa zimo katika simu ambayo kijana wa Sofia au Kaloleni huitazama akiwa kitandani.

Kila njia mpya ilipofika, shutuma nayo ilifuata. Duka likivunjwa usiku na wezi wasiache alama, wapo watakaosema kwamba vijana wameharibiwa na filamu. Kauli hii husikika barazani, mimbarini na katika vyumba vya walimu. Ina mvuto kwa sababu inaeleza jambo gumu kwa maneno machache. Mwizi hakukamatwa, basi ana mwalimu, mwalimu ni runinga.

Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani ina matokeo. Ikiwa ni kweli, basi mwenye kibanda cha video ni mshiriki katika uhalifu, na mwandishi wa riwaya ya upelelezi ni mshiriki mwenzake. Ikiwa si kweli, jamii inamfokea asiyehusika na kumwacha anayehusika. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili swali hili ni la msingi: je, kisa cha kubuni hufunza nini, na humfunza nani?

2.0 Shaka ya Tangu Jadi

Hofu kwamba sanaa hupotosha ni kongwe kuliko filamu. Plato katika Jamhuri aliwatilia shaka washairi kwa sababu waliigiza matendo maovu na kuwafanya wasikilizaji wayazoee. Aristotle, mwanafunzi wake, aliielekeza hoja kwingine aliposema kuwa tanzia huamsha huruma na hofu, kisha ikaleta utakaso wa hisia hizo. Mjadala wa leo kuhusu runinga, kwa kiasi kikubwa, ni wa wazee hao wawili katika mavazi mapya.

Nchini Marekani hofu hiyo iliandikwa ikawa kanuni. Kanuni za Hays za mwaka 1930, zilizotekelezwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi zilipoachwa mwaka 1968, zilikataza kuonyesha kwa kina jinsi ya kuiba, kuvunja sefu au kulipua treni na majengo. Watunzi wa kanuni waliamini kwamba hatari kuu ilikuwa katika mbinu. Karibu wakati huohuo, kati ya 1929 na 1933, ulifanyika mfululizo wa tafiti zilizogharimiwa na Mfuko wa Payne kuhusu athari za sinema kwa watoto na vijana. Mojawapo, ya Herbert Blumer na Philip Hauser, ilitoka mwaka 1933 na ilihusu filamu, utundu wa vijana na uhalifu.

Kenya nayo ilirithi mtazamo wa udhibiti kutoka kwa serikali ya kikoloni, ambayo ilichelea hasa yale ambayo Mwafrika angeyaona Mzungu akiyatenda kwenye kiwambo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ndiyo iliyoendelea kuwa msingi wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Kumkinga mtoto dhidi ya picha za kikatili ni jambo la busara, na makala haya hayalipingi. Kinachohojiwa ni dai mahususi zaidi: kwamba mtu mzima aliyekwisha kuamua kuiba hupata katika filamu elimu ya kutokamatwa.

3.0 Mbinu Inayofichuliwa ni Mbinu Iliyoshindwa

Jibu la kwanza limo katika muundo wa utanzu wenyewe. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata mzazi wake katika Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko na ana akili ya kuunganisha mambo yaliyotawanyika. Baadaye alikuja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Ben Mtobwa na mhusika wake Joram Kiango. Waandishi hawa wanatofautiana kwa mtindo, lakini wanashirikiana katika kanuni moja: namna uovu ulivyofichwa haielezwi wazi mpaka pale uficho huo unapovunjika.

Kanuni hii si pambo. Ndiyo inayoendesha taharuki. Msomaji angeelezwa mwanzoni jinsi muuaji alivyojificha, kisingebaki cha kupeleleza. Kwa hiyo elimu ya kujificha humfikia msomaji mwishoni, ikiwa imekwisha kuthibitika kuwa haikufaa. Methali isemayo za mwizi ni arubaini ni ufupisho wa utanzu mzima, na riwaya ya upelelezi ni urefushaji wa siku hizo arubaini.

Jambo la pili ni kwamba mbinu iliyoonyeshwa hadharani si siri tena. Kijana wa Voi aliyeona katika filamu kwamba glavu huzuia alama za vidole hakuiona peke yake. Ameiona askari wa zamu, ameiona mwenye duka, ameiona hakimu. Kunga inayojulikana na watu milioni haimpi yeyote kati yao faida juu ya mwenzake.

Upo upinzani wa haki hapa. Si kila filamu ya uhalifu humalizikia kwa kukamatwa. Kuna filamu na tamthilia ambazo shujaa wake ni mwizi, kama ile ya Kihispania iliyoanza mwaka 2017, La casa de papel, iliyotazamwa mno na vijana wa Afrika Mashariki. Humo wizi unapangwa kwa miezi, na mpangaji ni mtu aitwaye Profesa. Lakini mafanikio ya mwizi wa aina hii hutegemea mwandishi wa mswada: mlinzi hugeuka wakati ule ule unaohitajika, mtambo hukubali kwa mara ya kwanza, na jirani mdadisi hayupo. Ondoa mkono wa mwandishi, na mpango hauna miguu. Anayevunja kibanda cha simu huko Mwakingali hana miezi ya maandalizi, hana mtaji wala Profesa. Na jirani mdadisi yupo.

4.0 Majaribio Yanasema Nini

Tangu mwaka 2000, ilipoanza tamthilia ya Marekani ya CSI kuhusu wataalamu wa maabara za polisi, baadhi ya wapelelezi walidai kwamba wahalifu walikuwa wakijifunza kutoka kwayo. Kesi moja iliyozungumzwa sana ni ya jimbo la Ohio, Desemba 2005. Mtuhumiwa wa mauaji, ambaye iliripotiwa kuwa alikuwa mpenzi wa kipindi hicho, alinawa kwa dawa ya kuondoa madoa, akatandika blanketi ndani ya gari ili damu isiachwe humo, na akachoma moto maiti. Vitu vingine alivitupa ziwani. Ziwa lilikuwa limeganda kwa baridi, na vitu vikabaki juu ya barafu vikiwasubiri polisi. Kama alifuzu darasa la runinga, basi hakufunzwa kutazama mbele yake.

Kesi moja haithibitishi kanuni. Ndiyo sababu utafiti wa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, ulioongozwa na Andreas Baranowski na kuchapishwa mwaka 2018, una uzito zaidi. Watafiti hao walilishughulikia swali kwa njia nne. Walilinganisha takwimu za uhalifu za kabla na baada ya kuanza kwa kipindi hicho katika Marekani na Ujerumani. Waliwauliza wafungwa wenyewe. Na waliwapa watu wa kawaida kazi ya kubuni jinsi ya kuficha kosa, wakiwemo waliotakiwa kusafisha mahali pa mauaji palipoigizwa kwa nyumba ya mwanasesere. Watazamaji wa vipindi vya upelelezi hawakufanya vizuri kuliko wasiovitazama. Waliofanya vizuri zaidi walitofautishwa na mambo mengine, kama vile umri mdogo na elimu ya kiufundi.

Sababu haiko mbali. Kutazama si kutenda. Mtu anaweza kutazama mechi za kandanda kwa miaka ishirini na asiweze kupiga penalti. Ufundi wa mkono huhitaji kurudiarudia, kusahihishwa na kuwa na mwalimu aliye karibu. Filamu haimsahihishi mtazamaji.

5.0 Darasa la Nyika Kabla ya Runinga

Ili kuona ufundi wa kujificha hujifunzwa wapi, Taita Taveta ina mfano wake, na una umri mkubwa kuliko kibanda cha video. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na sehemu yake ya mashariki iliongozwa kutoka Voi na David Sheldrick. Kwa kuanzishwa kwake, Wawaata, ambao kwa vizazi vingi waliishi kwa kuwinda ndovu kwa pinde kubwa na mishale yenye sumu, waligeuzwa majangili kwa amri ya kisheria. Jambo walilokuwa wakilifanya babu zao likawa kosa.

Wawaata hawakuwa na sinema. Hata hivyo walijua kusoma nyayo na kuzipoteza, kukaa bila moshi, kutembea na upepo usoni, na kungoja. Elimu hiyo waliipata kwa baba na wajomba, kwa miaka, wakikosea na kurekebishwa. Kama kipimo cha hatari ni ustadi wa kutoonekana, hakuna tamthilia yoyote iliyowahi kutoa wahitimu wa kiwango chao.

Hata hivyo walishikwa. Kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 dhidi ya ujangili iliwafikisha wengi mahakamani na gerezani. Askari hawakuwashinda kwa kusoma nyayo bora kuliko wao, walitumia habari. Aliyekamatwa aliulizwa kuhusu wenzake, majina yaliandikwa, na orodha ikakua. Aidha, mwindaji alikuwa na desturi ya kuutia mshale wake alama ya kumtambulisha, ili mnyama akianguka ijulikane ni wa nani. Alama iliyokuwa ya heshima katika jamii ya wawindaji ingeweza kuwa shahidi mbele ya hakimu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, ufundi wa kweli wa kujificha hutoka kwa watu wa karibu. Pili, watu hao hao wa karibu ndio mlango ambao siri hutokea. Kisayansi mambo yamebadilika tangu wakati huo: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifungua maabara yake ya vinasaba Nairobi mwaka 2015, na pembe inayonaswa bandarini inaweza kulinganishwa na ndovu wa eneo fulani. Lakini maabara hueleza pembe imetoka wapi. Ni nani aliyeibeba, kwa kawaida huelezwa na mtu.

6.0 Ukuta Mmoja na Wanakijiji

Mfano wa karibu zaidi na wakati huu ulitokea nje ya Taita Taveta, lakini uliijadilisha Kenya nzima na unahusu filamu moja kwa moja. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 2021, wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka kutoka gereza lenye ulinzi mkali la Kamiti. Taarifa zilieleza juu ya tundu lililotobolewa ukutani na kamba za mablanketi. Mara moja Wakenya walikumbuka tamthilia ya Prison Break, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005 na kupendwa sana nchini, na wengi wakatania kwamba watatu hao walikuwa wameitazama vyema.

Ulinganisho huo ulificha zaidi ya ulivyoeleza. Maafisa kadhaa wa gereza walikamatwa kwa tuhuma za uzembe au kushirikiana na watoro. Kwa hiyo swali la kwanza lilihusu watu, si picha. Na mwisho wa kisa haukuwa wa kisinema. Tarehe 18 Novemba walikamatwa katika kaunti ya Kitui. Kulingana na taarifa za wakati huo, wanakijiji wa Malalani waliwashuku wageni waliokuwa wakinunua vyakula vidogovidogo na kuulizia njia ya kwenda msitu wa Boni. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya shilingi milioni 60. Ukuta wa zege ulishindwa kuwazuia, lakini swali moja la njia, lililoulizwa mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, lilitosha kuwarudisha.

Mtu aliyekulia katika vilima vya Taita atauelewa mwisho huo bila kufafanuliwa. Huko Wundanyi au Mgange, mgeni huonekana kabla hajasalimu. Hakuna filamu inayofunza jinsi ya kupita katika kijiji bila kuwa mgeni.

7.0 Mwalimu Halisi wa Uhalifu

Mwanasosholojia Edwin Sutherland wa Marekani aliliweka jambo hili katika nadharia. Katika maelezo yake ya mwaka 1947 alidai kwamba tabia ya kihalifu hujifunzwa kwa mawasiliano na watu wengine, hasa katika makundi ya watu wa karibu, na kwamba humo hujifunzwa mbinu pamoja na visingizio. Filamu na magazeti, kwa maoni yake, vina nafasi ndogo. Kunao waliompinga, hususan Albert Bandura, ambaye jaribio lake la mwaka 1961 lilionyesha watoto wakiiga vitendo vya ukali walivyomwona mtu mzima akivitenda dhidi ya mwanasesere. Lakini hata jaribio la Bandura lilihusu kuiga ukali. Halikuhusu kuficha kosa, ambalo ni jambo la subira na hesabu.

Fasihi ya Kenya inamuunga mkono Sutherland. John Kiriamiti, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa mabavu, alitoa mwaka 1984 kitabu chake mashuhuri My Life in Crime, alichokiandika gerezani. Mhusika wake mkuu anaacha shule akiwa kijana mdogo na kuingia miongoni mwa wachomoa mifuko wa Nairobi. Hao ndio wanaompa somo, na somo linakua hadi benki. Chuo chake ni barabara na rafiki.

Filamu ya Nairobi Half Life ya David Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inalisema hilo kwa namna ya kushangaza zaidi kwa kuwa yenyewe ni filamu ya uhalifu. Mwas, kijana wa kijijini, anauza santuri za filamu na kuwaigizia wateja visa vyake. Ametazama filamu nyingi kuliko wenzake. Je, zimemfunza nini? Zimemfunza kuigiza, na zimempa ndoto ya kuwa mwigizaji. Anafika Nairobi akiwa mshamba kiasi cha kuibiwa kila kitu siku ile ile. Wizi anafunzwa na mtu aliyekutana naye mahabusu. Laiti filamu zingekuwa chuo cha wizi, Mwas angefika mjini akiwa na shahada.

8.0 Basi Filamu Hufunza Nini?

Kusema kwamba filamu haimfunzi mwizi kujificha si kusema kwamba haifunzi chochote. Athari zake mbili zinastahili kutazamwa na mwanafunzi wa Kiswahili.

Ya kwanza ni ya lugha. Katika vibanda vya video nchini Kenya, filamu za kigeni zimekuwa zikifasiriwa papo hapo na watambaji, maarufu zaidi akiwa DJ Afro, kama ambavyo Lufufu alivyofanya jijini Dar es Salaam. Mtambaji huyu hatafsiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina la mtaani, humkejeli mwizi, humwonya anayekaribia kufumaniwa. Ni fanani anayezungumza na hadhira yake, na hadhira humjibu. Kijana hutoka kibandani akiwa na misemo mipya na majina ya kujitwika. Kujiita jina la jambazi wa filamu kunaweza kuwa mchezo, na kunaweza kuwa dalili ya kutamani hadhi. Hapo filamu hugusa nafsi, na hapo ndipo uhakiki unapostahili kuelekezwa. Hata hivyo, jina la kutisha halimfichi mtu. Humtangaza.

Athari ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo kiini cha makala haya. Filamu za maabara humfunza raia kwamba ukweli wa kesi hukaa katika darubini. Unywele mmoja hupimwa, jibu hutoka kabla ya tangazo la biashara, na mwovu hutajwa kwa jina. Ukweli wa Voi ni mwingine. Maabara ya kitaifa ya Idara ya Upelelezi wa Jinai ilizinduliwa mwaka 2022, nayo iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi. Kesi nyingi za kila siku hujengwa kwa maneno ya mashahidi, mali iliyopatikana na mtu muda mfupi baada ya kuibwa, na mfululizo wa mambo madogo.

Anayeamini somo la runinga huumia hapa. Na achukuliwe, kwa mfano wa kubuni, msichana wa kambi ya mkonge aliyetendewa unyama. Kwa hofu na kinyaa ameoga na kufua nguo. Siku mbili baadaye jamaa wanamwambia kwamba hakuna haja ya kwenda polisi kwa kuwa ushahidi umekwisha. Wameona katika filamu. Ushauri huo ni kosa maradufu. Kiafya, hospitali bado ina msaada wa kumpa, na dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inafaa kuanzwa ndani ya saa 72. Kisheria, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinairuhusu mahakama katika makosa ya kingono kumtia mshtakiwa hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa ilieleza mwaka 2012 kwamba kosa la aina hiyo halithibitishwi kwa kipimo cha vinasaba pekee, bali kwa ushahidi kwa jumla.

Kwa hiyo mwenye kufaidika na somo potofu si mhalifu aliyejifunza kufuta alama. Ni mhalifu ambaye mwathiriwa wake amefunzwa kunyamaza. Kama filamu imewahi kumsaidia mtenda maovu kukwepa sheria, imemsaidia kwa njia hii ya mzunguko: kwa kuwashawishi watu kwamba macho yao na ndimi zao si ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006 ilitungwa kwa sababu watunga sheria walijua kinyume chake, kwamba shahidi ndiye mtu ambaye mhalifu humwogopa.

Ni vyema kuongeza kwamba michezo ya kwetu haikulisahau hili. Vioja Mahakamani, kipindi cha miaka mingi cha shirika la utangazaji la taifa, kilikuwa na kizimba, hakimu na mashahidi, bila maabara. Mshtakiwa alijinasa kwa ulimi wake mwenyewe, na mtazamaji alicheka huku akijifunza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mchekeshaji aliikaribia mahakama ya kweli kuliko mwanasayansi wa runinga.

9.0 Wajibu wa Mwalimu na Mwandishi

Ikiwa hoja zilizotangulia zina mashiko, basi zipo kazi tatu. Mwalimu wa fasihi asiiogope riwaya ya upelelezi darasani. Aitumie kufunza tofauti kati ya dokezo na ushahidi, na kumwuliza mwanafunzi: je, hitimisho la Bwana Msa lingekubaliwa na hakimu? Swali hilo hufunza uhakiki na uraia kwa pamoja.

Mwandishi wa Kiswahili naye anayo nafasi ambayo tamthilia za kigeni haziwezi kuijaza. Kisa cha upelelezi kilichowekwa Mwatate au Taveta, ambamo shahidi ni mama muuza ndizi anayeogopa kusema, kina taharuki ya kweli. Suala katika kisa hicho si kama kompyuta italijua jina la mwovu. Kijiji kizima kinalijua. Suala ni nani atakayelitamka.

Mtambaji wa kibandani, mwishowe, atazamwe kama fanani badala ya mshukiwa. Ana hadhira ambayo mhadhiri hana. Sentensi moja kutoka kwake, kwamba mambo haya ya maabara huchukua miezi na kwamba aliyeona aseme, ingefika mahali ambapo mabango ya serikali hayafiki. Kumfungia kibanda ni kufunga mdomo uliokuwa tayari unasikilizwa.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba dai la filamu kuwa chuo cha wahalifu halina msingi imara. Muundo wa hadithi ya upelelezi hufichua mbinu iliyoshindwa. Majaribio ya 2018 hayakuona faida ya mtazamaji. Wawaata wa Tsavo walikuwa mabingwa wa kujificha bila filamu, na waliponzwa na habari kutoka kwa watu. Watoro wa Kamiti walivuka ukuta, wakakwama kijijini. Uhalifu hujifunzwa kwa rafiki na kwa mwenzi wa mahabusu, na hufichuliwa na jirani.

Arubaini ya mwizi haiji yenyewe kwa kuhesabiwa siku. Huletwa na mtu aliyeona, akakubali kusema, akasadikiwa. Jamii inayotaka siku hiyo ifike mapema haina budi kumlinda mtu huyo, na kumkumbusha kwamba neno lake lina uzito, hata kama runinga humwambia vingine.